Kitanda cha Mringaringa

Nilipofika Arusha mara ya kwanza nilikuwa seremala mwenye maringo. Nilifundishwa kazi Tanga, na mzee aliyekuwa akifumba macho na kupitisha kiganja juu ya ubao, na akikuta mkwaruzo mmoja tu anakurudishia ubao mzima uanze upya. Kwa hiyo Mjerumani aliyenichukua kumjengea nyumba mlimani aliponiambia anataka samani zenye magome, nilidhani ananitania. Akatoka nje, akarudi na tawi lililopinda, lina gome lake na kuvu lake, akaliweka mbele yangu. "Miguu ya kiti iwe hivi," akasema. "Usiiguse na randa."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya magogo mazima, yamelazwa moja juu ya jingine na kushikanishwa pembeni kwa vikato, kama wanavyojenga kwao kwenye misitu ya baridi. Ilikaa kwenye mteremko wa Meru, juu kidogo ya mahali ambapo njia ya magari ya ng'ombe ilivuka mto. Watu waliopita na ndizi zao kichwani walisimama kuuliza ni ghala la nini. Ukutani nilipigilia pembe za kongoni za kutundikia kofia. Mzizi wa mti wa loliondo niliukata ukawa kinara cha mishumaa. Nilitengeneza meza ambayo miguu yake ilikuwa bado na mafundo ya matawi, na viti ambavyo ukikaa vibaya vinakuchana suruali. Siku moja alipita mtu wa Pangani niliyemfahamu, anakwenda bomani kutafuta kazi ya ukarani. Akaviona vile viti, akaniuliza ni kazi ya nani. Nikamwambia sijui, nimevikuta.

Mke wangu alicheka sana nilipomsimulia. Alikuwa binti wa Kimeru wa kihamba cha jirani, yaani lile shamba la migomba lililopakana na shamba la bwana. Yeye alinifuata kwenye dini yangu ya Kiislamu, na mimi nikamfuata kwenye ndizi, kwa kuwa huko juu wali ulikuwa wa kuota ndotoni. Tulikaa kwenye kibanda alichotupa baba yake, hatua chache kutoka kwake.

Baba yake alikuwa mfuga nyuki, mtu mfupi, mwenye mzaha usiokwisha. Aliniita "mtu wa chumvi" kwa sababu ya pwani nilikotoka. Kila nilipomwamkia, "Shikamoo, baba," aliitikia marahaba halafu akanusa hewa na kuuliza kama bahari imekauka. Alijua Kiswahili cha kutosha kunichokoza, na hakujaribu kujua zaidi. Nilimpenda mzee yule. Naliandika hilo mapema ili asomaye asije akadhani vingine.

Mambo yalianza pale bwana alipopata habari kwamba mkewe yuko njiani, ameshapanda meli, na kutoka Tanga atapanda gari la moshi mpaka Moshi. Akataka kitanda. Nguzo nne zenye magome yake, lakini ubao wa kichwani uwe mmoja, mpana, bila kiungo. Mti wa kutoa ubao kama ule ulikuwa mmoja tu pale karibu, na bwana alishauona. Ulikuwa mringaringa mkubwa uliosimama mpakani, upande wa baba mkwe wangu, na ukichanua maua yake meupe ulivuma kwa nyuki kutwa nzima. Bwana alinieleza mambo kwa utaratibu kabisa, hakupandisha sauti. Mti ule ukipatikana kwa wema, mpaka utabaki ulipo. Usipopatikana kwa wema atapima mpaka upya, na anavyoona yeye kihamba chote kimekaa ndani ya shamba lake.

Nilikwenda kwa mke wangu kwanza. Aliacha kumenya ndizi.

"Ule si mti tu," akaniambia. "Yule ni dada yangu."

Akanieleza. Kabla yake baba na mama yake walizaa mtoto wa kike. Kondo lake la nyuma lilizikwa pale, na mche ukapandwa juu yake, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yao. Mtoto hakumaliza mwaka. Mti ukakua. Tangu hapo baba yake alipopita pale aliuamkia kama mtu anavyomwamkia binti yake mkubwa, akauambia habari za mizinga na mvua. Mke wangu mwenyewe alipokuwa mdogo alitumwa kuupelekea maziwa.

Nilitaka kusema ni ushirikina, nikauma ulimi. Nikamweleza maneno ya bwana kuhusu mpaka. Akazimenya ndizi zote zilizobaki, hata zile za kesho.

"Basi kuna namna," akasema.

Namna ilikuwa hii. Mti wa aina ile hauombwi kama mti, unaposwa. Mtu anakwenda na maziwa na pombe ya ndizi, anaviweka mbele ya baba, anataja haja yake. Baba anavipokea, halafu anazungumza habari nyingine. Hasemi ndiyo. Hapo utajua amekubali. Siku ya kukata, baba anaondoka alfajiri, anakwenda mbali, kama mtu asiyejua lolote. Mti ukishalala chini anarudi, anaukuta, analia kwa sauti kwamba ameibiwa mwanawe. Wakataji wanaanguka miguuni pake, wanakiri wameiba, wanaomba radhi. Mti unasikia. Unajua kwamba baba yake hakuutoa, na hasira yake inawageukia wezi.

"Na wezi je?" nikauliza, maana mwizi mwenyewe nilikuwa mimi.

"Wezi husamehewa," mke wangu akasema. "Maziwa waliyoleta yanatosha kuwa fidia. Baba ndiye hasamehewi, kama amemtoa yeye. Kwa hiyo akilia, wewe kubali tu. Usiseme amekupa. Hata iweje, usiseme amekupa."

Nilibeba ule mtungi wa pombe kwa mikono iliyonyooshwa mbele, uso nimeugeuzia pembeni, Mungu anisamehe, na baba mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha nikataja haja yangu. Kicheko kikaisha. Aliutazama mtungi, akautazama mpaka, akayatazama maziwa. Halafu akaanza kunieleza kwamba mzinga wake wa tatu umeingiliwa na siafu.

Siku ya kukata palikuwa na ukungu. Bwana alikuja mwenyewe, na askari mmoja wa bomani aliyeletwa kuwahimiza vibarua, kiboko amekining'iniza mkononi. Tulikata tangu asubuhi. Mti ulipoanguka ardhi ilitetemeka, na mimi niliyekwisha kuangusha miti mingi nilirudi nyuma hatua mbili. Nikajiambia nakwepa matawi.

Baba mkwe akatokea kwenye migomba. Alikuwa amevaa ngozi yake nzuri. Alisimama, akaweka mikono kichwani, akalia. Sasa, desturi yake ilikuwa alie kwa Kimeru. Lakini alinitazama, akanionea huruma, mimi mgeni nisiyejua Kimeru vizuri, asije akanipa kazi ya kujibu nisichokielewa. Kwa heshima yangu akalia kwa Kiswahili. "Mwizi! Umeniibia mwanangu! Mwizi wewe!"

Bwana aligeuka. Askari naye aligeuka, akakunjua kiboko.

"Nani ameiba?" bwana akauliza. Akanitazama mimi. "Wewe uliniambia amekubali. Umemwibia?"

Watu wa leo hawakijui kiboko cha Mjerumani. Hamsa wa ishirini, yaani fimbo ishirini na tano, hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiita, na nilikwisha kumwona mtu aliyepigwa akirudishwa kwao juu ya machela. Niliangalia mkono wa yule askari. Na nitasema yote: si woga peke yake. Ilikuwepo pia fahari. Mbele ya vibarua wote wale, mimi fundi, mtoto wa watu, niitwe mwizi na nikubali.

"Sikuiba, bwana," nikasema kwa sauti. "Amenipa mwenyewe. Muulize. Amenipa kwa mkono wake."

Baba mkwe alishusha mikono kutoka kichwani. Hakuniangalia mimi, aliuangalia mti. Bwana alipomwuliza hakujibu, na bwana akacheka, akasema wazee wa huku wanapenda kelele, akarudi kwa nyumbu wake wa kupanda. Vibarua walitazama chini. Mmoja wao, Mmeru, aliweka shoka lake na kuondoka, na hakurudi kuchukua ujira.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia. Hakunigombeza. Alinitengea chakula, akakaa upande wa pili wa moto, akanitazama nikila kama anayemtazama mtu wa njiani.

Nilitengeneza kile kitanda. Mbao zilikuwa mbichi bado, nilimwambia bwana zinahitaji mwaka mzima kivulini, akasema mkewe hatangoja mwaka. Nguzo niliziacha na magome yake, ubao wa kichwani nikaupiga randa kwa siri mpaka ukang'aa, maana hapo angalau nilitaka kufanya kazi ya kweli. Nikausugua kwa nta. Ulikuwa ubao mzuri kuliko zote nilizopata kuzishika, na kila nilipoupitishia kiganja nilikuwa naona haya.

Bibi, mke wa bwana, alifika. Baada ya mwezi akaniita. Kitanda kinalia, akasema. Kila alasiri jua linapolipiga paa ukungu ukiondoka, kinatoa sauti. Nilimweleza kwamba mti mbichi ukikauka hupasuka, na ukipasuka hulia, hata magogo ya nyumba yanalia. Akasema anaijua sauti ya magogo. Hii si hiyo. Nikakaa naye pale chumbani tukasubiri, yeye kitini, mimi sakafuni. Jua likapiga. Magogo yakaalika moja moja. Halafu kitanda. Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu, ya kupanda, na mwishoni ilikatika. Nikakaza viungo vyote, nikatia kabari, nikasema kimepona. Kesho yake kililia vilevile.

Wakati huohuo baba mkwe aliacha kufungua mizinga. Kwanza tulidhani ni mgongo. Kisha akaacha kula na watu. Mzaha ulimtoka wote. Nikimwamkia aliitikia marahaba, basi, hakunusa hewa tena. Mke wangu alimkuta mara kwa mara mchana kweupe ameketi kando ya kisiki, anazungumza, ananyamaza kama anayesikiliza, halafu anatikisa kichwa.

"Anasema nini?" nikamwuliza mke wangu.

"Dada anamwuliza kwa nini alimtoa."

"Na yeye?"

"Hana la kumjibu. Wewe ndiye uliyemnyang'anya jibu."

Alinisihi. Niende na baba mpaka mti ulipo, niseme mbele yao wote wawili kwamba niliiba. Si lazima watu wasikie. Mti usikie. Lakini mti ulikuwa kitanda, kitanda kilikuwa chumbani kwa bibi, na bibi alijua Kiswahili. Nikiropoka ndani ya nyumba ya Mzungu kwamba nimeiba, nitajieleza wapi? Pia nilimwambia kwamba dini hairuhusu kuzungumza na ubao. Nilimwambia nitakwenda wiki ijayo. Nilimwambia nguo yangu chafu. Mtu akitafuta sababu hakosi, na mimi nilizipata za kutosha miezi minane. Mzee alipungua mpaka mikufu ya shingoni ikawa inamzidi.

Kilichonitoa ni nyuki. Miringaringa ilianza kuchanua huko juu, na asubuhi moja bibi alituma watu waniite mbio. Nilikuta dirisha limefunguliwa na nyuki wameingia. Hawakumwuma mtu. Walikuwa wanatembea juu ya nguzo za kitanda, juu ya magome, wanaingia kwenye mipasuko na kutoka, mamia, kama wanatafuta kitu walichokiacha. Nikamwambia bibi ni ile nta, wamenusa nta. Ndivyo nilivyomwambia, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Lakini nta niliipaka ubao wa kichwani, na kwenye ubao wa kichwani hapakuwa na nyuki hata mmoja.

Niliogopa. Niliogopa kuliko siku ya kiboko.

Bwana alikuwa amekwenda Moshi. Nilimwambia bibi kwamba baba mkwe wangu ndiye fundi wa nyuki, nimlete awatoe. Hilo halikuwa uongo. Nilimbeba mgongoni sehemu kubwa ya njia, uzito wake ulikuwa wa mtoto, na hakuuliza tunakwenda wapi. Bibi alitupisha, akakaa barazani na kitabu. Nilimweka mzee wangu kwenye kimoja cha vile viti nilivyovikana, mbele ya kitanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona binti yake tangu siku ile. Alinyoosha mkono, akashika gome la nguzo, na nyuki walimpanda vidoleni, wakashuka upande wa pili.

Nikapiga magoti. Nilisikia ubaridi wa sakafu magotini. Nikasema kwa sauti ya kutosha, na kama bibi alisikia, na asikie:

"Baba, ni mimi niliyeiba. Nilikuibia binti yako. Wewe hukunipa. Nilisema uongo kwa sababu ya woga. Mwizi ni mimi."

Nilishika miguu yake, kama nilivyofundishwa. Nikangoja alie. Nilikuwa natamani anitukane, kwa Kimeru, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote.

Baba mkwe hakutoa mkono wake kwenye nguzo.

"Hapana, mkwe wangu," akasema taratibu. "Ulisema kweli siku ile. Nilimtoa mwenyewe. Nilikiogopea kihamba."

Nikamwambia hapana, baba, niliiba. Nilirudia mara tatu, mara nne. Akanipapasa kichwani. Akasema kabla ya siku ile lilikuwa jambo ambalo hajalisema hata moyoni, alikuwa hajui kama ni kweli au si kweli, alikuwa amelifunika. Mimi nikalifunua. Sasa amekaa nalo mwaka mzima, amelitazama, ni kweli. Yeye mwenyewe ameshamwambia binti yake. Binti huuliza tena tu lilelile.

Tulirudi pamoja. Hakutaka kubebwa. Nyuki walitoka wenyewe jioni ile, bibi alinishukuru sana, akampa mzee kopo la sukari.

Mke wangu alitusubiri mlangoni. Alimlaza baba yake, akamkorogea uji, akatoka na kunikamata mkono.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Na yeye alikujibuje?"

Mlango ulikuwa wazi, mzee anasikia kila neno. Mke wangu alikuwa ananitazama kama zamani, kabla ya mti. Alikuwa hajanitazama hivyo kwa muda mrefu sana, na tumboni alikuwa na mtoto wetu wa kwanza.

"Alinilaani," nikasema. "Alilia, akaniita mwizi."

Alikaa chini palepale kizingitini akafunika uso. Kisha akainuka haraka, akachukua uji, akaingia kwa baba yake, na mimi nikaingia nyuma yake. Alimwinua mzee, akamwekea kibuyu mdomoni.

"Baba, ni kweli? Umemlilia dada?"

Mzee alinywa kwanza. Akanitazama juu ya ukingo wa kibuyu, akanitazama kwa muda, na hakukuwa na mzaha machoni pake hata kidogo. Halafu akamjibu binti yake, si kwa Kimeru. Alimjibu kwa Kiswahili.

"Nimemlilia," akasema. "Mume wako ni mwizi."

Mke wangu alicheka na kulia kwa pamoja, akambusu kipaji cha uso. Mzee aliunywa uji wote, mpaka tone la mwisho, na binti yake akitazama.

Alikufa siku ya nne.